Santuri za Kale za Reggae na Dub

Santuri za kale za reggae na dub ni sahani za muziki zilizorekodiwa na kuchapwa kisiwani Jamaica, na kwa kiasi fulani London na New York, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hata kufikia mwaka 1985, ambazo leo hutafutwa na kuhifadhiwa na wapenzi wake katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 1985 huwekwa kuwa mpaka kwa kuwa ndipo ulipotoka wimbo "Under Mi Sleng Teng" wa Wayne Smith, uliotengenezwa na Prince Jammy juu ya mdundo wa kinanda kidogo cha Casio, na baada yake besi na ngoma zilizopigwa kwa mikono ya watu zikaanza kuipisha mashine. Dub ina sifa ya pekee miongoni mwa aina za muziki: haikuzaliwa jukwaani, bali hutengenezwa na fundi mitambo peke yake na kukaa ndani ya sahani, hata ikipotea sahani huwa imepotea kazi yenyewe. Kwa sababu hiyo ukusanyaji wa sahani hizi si anasa tu. Ni sehemu ya tarihi ya sanaa hiyo, na wengi wa walioiandika tarihi hiyo walianza kwa kukusanya.

Asili

Katika Kingston ya miaka ya 1950 wenye mitambo ya kupigia muziki viwanjani, hususan Clement Dodd aliyeitwa Coxsone na hasimu wake Duke Reid, walishindana vikali, na aliyekuwa na sahani ambayo mwenzake hana ndiye aliyevuta umati. Sahani hizo zilitoka Marekani, na wenyewe walikuwa wakizikwangua vibandiko ili asiwepo mpelelezi wa kusoma jina la mwimbaji. Desturi ya kuithamini sahani adimu, ambayo leo hudhaniwa kuwa ni ya wakusanyaji wa Ulaya na Japani, ilianzia basi katika viwanja vile, kabla reggae haijapata jina. Sahani za Marekani zilipopungua mvuto, mahasimu hao wakageuka watayarishaji: Dodd akafungua Studio One katika Brentford Road mwaka 1963, na Reid akawa na Treasure Isle katika Bond Street, juu ya duka lake la vileo. Ska ikafuatwa na rocksteady, na mwaka 1968 ikaja reggae.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 mwenye mitambo mmoja wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alikatiwa huko Treasure Isle sahani ya wimbo "On the Beach" wa kundi la Paragons, na fundi Byron Smith hakutia sauti za waimbaji. Redwood aliipiga mbele ya watu wake, nao wakauimba wimbo wote wenyewe. Haukupita muda upande wa pili wa sahani nyingi za Jamaica ukawa na mdundo mtupu ulioitwa "version". Jambo hilo liliwafaa watayarishaji pia, kwa maana liliwaondolea gharama ya kurekodi wimbo wa pili.

King Tubby

Osbourne Ruddock, ambaye lakabu yake King Tubby imelifunika jina lake, alizaliwa Kingston tarehe 28 Januari 1941, akajipatia riziki kwa kutengeneza redio na vikuza sauti vilivyoharibika, kisha akamkatia Duke Reid sahani. Alikuwa pia na mitambo yake mwenyewe, Home Town Hi-Fi, iliyosifiwa kwa unyofu wa besi yake na kwa mwangwi ambao watu walikuwa hawajausikia uwanjani. Na aliyesemea juu ya midundo hiyo ni U-Roy, ambaye mwaka 1970 alimrekodia Duke Reid nyimbo zilizopanda hadi kileleni.

Studio ya Tubby ilikuwa nyumbani kwake, nambari 18 Dromilly Avenue, mtaa wa Waterhouse, nayo ilikuwa finyu kiasi kwamba bendi haikuweza kuingia. Watayarishaji, na wa mbele kabisa Bunny Lee, walirekodi bendi kwingine, wakamletea Tubby tepu ili atie sauti za waimbaji na kuchanganya. Meza ya kuchanganyia, yenye njia nne, ilikuwa ya studio ya Dynamic Sounds, iliyoiuza ilipopata mpya. Tubby aliifungua, akaifanyia marekebisho kwa mikono yake, na akakigeuza kichujio chake cha sauti kuwa ala. Alikizungusha wakati tepu ikienda, matoazi na gitaa vikawa vyembamba vikipanda juu hadi kutoweka, kisha besi ikarudi kwa uzito wote. Meza hiyo sasa imo katika jumba la makumbusho la muziki mjini Seattle.

Jambo la kukumbukwa kuliko yote ni kwamba alichanganya papo kwa papo. Njia moja ilikuwa ya ngoma, nyingine ya besi, nyingine ya gitaa na vinanda, nyingine ya mwimbaji. Na Tubby akizifunga na kuzifungua, akilitupa neno moja la mwimbaji ndani ya mwangwi na kuliacha lipotee, hakuweza kurudia vile vile hata akitaka. Tepu moja hutoa dub kumi zisizofanana, na ndiyo sababu mkusanyaji hununua sahani tatu za mdundo mmoja bila ya kuhesabiwa mwendawazimu. Mafundi mashuhuri walilelewa katika chumba kile: Prince Jammy, Philip Smart na Scientist, ambaye albamu zake za mwanzo wa miaka ya 1980, zilizotolewa na Greensleeves ya London zikiwa na picha za kuchora za vampaya na wanaanga, bado huwaingiza vijana wengi katika dub.

Tubby aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 6 Februari 1989. Ustadi wake ulikuwa adhimu, na hakuna aliyeurithi wote.

Lee Perry na wengineo

Lee Perry (1936–2021) alijenga studio ya Black Ark uani kwake, Washington Gardens, mwaka 1973. Kwa mashine ndogo ya tepu ya njia nne na mtambo wa mwangwi wa Roland alirundika sauti juu ya sauti hata ukungu ukatanda juu ya muziki wote, tafauti kabisa na uwazi wa Tubby. Humo zilitoka "War Ina Babylon" ya Max Romeo na "Super Ape" ya Perry mwenyewe mwaka 1976, na "Heart of the Congos" ya kundi la Congos mwaka 1977, ambayo kampuni ya Island haikuitoa na hivyo ilibaki nadra kwa muda wa miaka takriban ishirini. Studio iliteketea baadaye.

Dub ilijengwa na wengine pia. Augustus Pablo alipiga melodika, kinanda kidogo cha kupulizwa. Errol Thompson alikuwa fundi wa studio ya Randy's na kisha wa mtayarishaji Joe Gibbs. Keith Hudson alitoa albamu "Pick a Dub" mwaka 1974, na Herman Chin Loy "Aquarius Dub" mwaka 1973.

Sahani na alama zake

Sahani ya kawaida ya Jamaica ni ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, yenye tundu kubwa la katikati lihitajilo kiziba. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1970 zikaja za inchi 12, ambamo wimbo na dub yake hufuatana pasipo kukatika. Mbali na hizo kuna sahani za kukatwa moja moja kwa ajili ya mwenye mitambo, za aluminiamu iliyopakwa lakeri, ambazo huchakaa kila zinapopigwa. Iliyobaki hai ni hazina, ingawa aghalabu husikika kama inapigwa chini ya mvua.

Uchapaji wa Jamaica haukuwa mwema. Malighafi pengine ilichanganywa na sahani mbovu zilizoyeyushwa, tundu likakosa kuwa katikati barabara na sauti ikayumba, vibandiko vikawekwa upande usio wao, au visiandikwe kitu kabisa. Hivyo mjuzi hasomi kibandiko peke yake. Huiinamisha sahani kwenye mwanga na kusoma herufi zilizokwaruzwa katika eneo tupu baada ya mfuo wa mwisho. FRM huonyesha kiwanda cha Federal, DSR huonyesha Dynamic Sounds, na tarakimu zifuatazo husaidia kukisia mwaka. Katika sahani zisizo na jina, mikwaruzo hiyo huwa ndio ushahidi wa pekee wa nani aliifanya kazi ile.

Wako wapendao chapa za Uingereza kwa utulivu wake, lakini nyingi katika hizo zilipunguzwa besi, na dub iliyopunguzwa besi imenyang'anywa roho. Chapa ya Kingston, hata ikiwa na kelele, ndiyo iliyokatwa kwa masikio ya watu waliokuwa wakiipiga viwanjani, na inastahili kutangulizwa.

Sahani zote huwekwa wima, mbali na joto. Katika miji ya pwani unyevu huotesha ukungu katika vibandiko na majalada, na dawa yake ni hewa.

Nasaha kwa anayeanza

Dub haifahamiki vyema bila ya wimbo iliyotokana nao. Mtu aanze na "Baby I Love You So" wa Jacob Miller, ausikilize mara mbili au tatu hata aushike, kisha apige dub yake, "King Tubby Meets Rockers Uptown", na hapo atasikia wazi kilichoondolewa, kilichoachwa, na kwa nini. Albamu ya Pablo yenye karibu jina hilo hilo, ya mwaka 1976, ndiyo iliyo bora kuliko zote za aina yake. Baada yake zifuate "Blackboard Jungle Dub" ya Perry na Tubby (1973), "King Tubby's Prophesy of Dub" ya Yabby You (1976) na "African Dub All-Mighty Chapter Three" ya Joe Gibbs (1978), ambayo vituko vyake vya kengele na ving'ora vitawachosha wengine. "Garvey's Ghost" (1976), iliyochanganywa London kutoka nyimbo za Burning Spear, ina besi nzuri lakini woga mwingi.

Asiyekuwa na mali asione haya kununua matoleo ya marudio. Blood and Fire ya Manchester, iliyoanzishwa mwaka 1993 na kuongozwa katika uchaguzi wake na Steve Barrow, ilizisafisha tepu, ikaandika maelezo marefu, ikaitoa upya "Heart of the Congos" mwaka 1996, na ikaweka kipimo ambacho wengine walilazimika kukifuata. Barrow pamoja na Peter Dalton walitoa mwaka 1997 kitabu "The Rough Guide to Reggae", ambacho hata leo wanunuzi hukitumia. Pressure Sounds na Soul Jazz za London zinaendelea na kazi hiyo. Blood and Fire yenyewe ilikwisha, na matoleo yake yamekuwa nadra nayo.

Afrika ya Mashariki

Mwimbaji wa Jamaica Winston Rodney alijiita Burning Spear kwa lakabu ya Jomo Kenyatta. Ngoma za nyabinghi za Marastafari, zinazosikika katika "Grounation" ya Count Ossie (1973), zimepata jina lake kutoka mizimu iliyoabudiwa Rwanda na Kigezi, Uganda. Reggae yenyewe iliwafikia wengi huku kwa kaseti na redio kuliko kwa sahani.

Hali ya sasa

Mwaka 2018 UNESCO iliiandika reggae ya Jamaica katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Bei za sahani za inchi 7 zimepanda sana, na wanunuzi wa Japani na Ulaya ni wengi.