Jipu la Bwana Shauri

Katika sura nzima ya tatu ya tasnifu yangu, msimamizi alizungushia duara jekundu herufi moja tu: J. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza, kwamba Bwana Shauri alifika kijijini kwa "Jeep". Pembeni akauliza: Jeep au jeep?

Niliona ni udhia wa wasomi. Mzee niliyemhoji, aliyekuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 1950, alisema "jipu" (usicheke, si lile la kutumbuliwa), nami nikatafsiri. Lakini Kiingereza hakikubali uvivu huo. Ukianza na herufi kubwa umetaja mali ya kampuni. Ukianza na ndogo umetaja aina ya gari, lolote dogo na gumu lisiloogopa tope. Na herufi hiyo iliwahi kugombewa.

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitafuta gari dogo la upelelezi, linalosukumwa na magurudumu yote manne. Aliyelitengeneza la kwanza ni American Bantam, kampuni ndogo ya mji wa Butler, Pennsylvania, iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika. Gari likakabidhiwa Septemba. Jeshi, likiogopa kwamba Bantam hawataweza kuzalisha kwa wingi, likawaruhusu Willys-Overland na Ford waione kazi yao. Vita vilipokwisha, Willys walikuwa wametoa zaidi ya magari 350,000 na Ford zaidi ya 270,000. Bantam hawakufikisha 3,000. Walimalizia vita wakitengeneza matrela.

Jina lilitoka midomoni mwa askari. Wapo wanaosema ni herufi G na P zilizotamkwa haraka, wapo wanaomtaja Eugene the Jeep, mnyama wa ajabu aliyeingia kwenye katuni za Popeye mwaka 1936. Hata hivyo Willys walijitangaza kuwa ndio waliolibuni gari, na mwaka 1943 wakaomba jina liwe alama yao ya biashara. Tume ya biashara ya serikali ikawashtaki, na mwaka 1948 ikaamua kwamba madai yao ya ubunifu yanapotosha. Miaka miwili baadaye, jina likasajiliwa kwao. Yaani waliambiwa mtoto si wao, kisha wakapewa cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa hiyo mwanahistoria anayeandika "Jeep" kwa kila gari la vita vile anampa Willys hata yaliyotoka kwa Ford, na Bantam anawafuta kabisa. Hilo lilinitosha kushusha J yangu. Ila msimamizi alikuwa na swali la pili: Bwana Shauri wa Kiingereza, Tanganyika, alikuwa na gari la Kimarekani kweli?

Hapa ndipo jasho lilinitoka. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep kuukuu la kijeshi shambani kwake Anglesey. Kutokana nalo likaja wazo la Land Rover. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa hata juu ya chasisi ya jeep, na Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam. Katika makoloni ya Waingereza ilienea upesi. Mzee angeweza kuwa ameona lolote kati ya hayo mawili, akaliita jipu bila kusema uongo.

Nikampigia simu. Binti yake akamshikia. Sikumtajia jina la gari, nisije nikamtia maneno mdomoni. Nilimuuliza tu: gurudumu la akiba lilikaa wapi?

"Juu ya boneti," akasema mara moja. "Tulikuwa tunaligusa likiwa bado la moto na jua."

Jeep la vita hubeba gurudumu hilo nyuma. Land Rover nyingi za zamani zilibeba juu ya boneti.

Katika maelezo yangu sasa nimeandika Land Rover. Ndani ya alama za kunukuu, maneno ya mzee, nimeacha jeep, kwa herufi ndogo, na tanbihi ndefu kuliko aya yenyewe. Msimamizi ameizungushia duara.