Kutembelea Bonde la Kilombero masika: Mambo ya kujua kabla ya kufunga safari

KWA wadau wa utalii hapa nchini, mwaka una sehemu mbili. Kuna msimu wa juu, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara zinapokuwa kavu na wanyama wanapojikusanya penye maji. Kisha kuna msimu wa chini, yaani miezi ya mvua kubwa ya Machi, Aprili na Mei, ambapo wageni hupungua na bei za vyumba hushuka.

Jambo hilo si la Tanzania pekee. Katika visiwa vya Karibiani, bei hushuka katikati ya mwaka kwa sababu msimu wa vimbunga huanza Juni Mosi na kumalizika Novemba 30. Hapa kwetu, baadhi ya hoteli za ufukweni Zanzibar na kambi nyingi za mbuga za kusini hufunga milango masika ili kufanya ukarabati.

Tatizo ni kwamba kalenda ya mtalii wa kigeni haifanani na ya mfanyakazi wa Kitanzania. Pasaka, Siku ya Karume ya Aprili 7, Sikukuu ya Muungano ya Aprili 26 na Mei Mosi zote huangukia ndani au karibu na kipindi hicho cha mvua. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Morogoro mwenye siku tatu au nne za mapumziko, msimu wa chini ndio wakati alionao.

Je, anaweza kuzitumia siku hizo katika Bonde la Kilombero, moja ya maeneo yenye maji mengi zaidi nchini? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Makala haya yanaeleza yanayowezekana, yasiyowezekana na yale ambayo mgeni hapaswi kuyafanyia mzaha.

Bonde lenyewe

Bonde la Kilombero liko kusini mwa Mkoa wa Morogoro, kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mji wake mkuu ni Ifakara, ulioko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam.

Mito ya Ruhuji, Mnyera na Mpanga ndiyo inayouanzisha Mto Kilombero, nao hupokea vijito vingi vinavyoshuka kutoka Udzungwa. Mto huo hukutana na Luwegu na kufanya Mto Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili.

Mwaka 2002, Bonde Oevu la Kilombero liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la takriban hekta 796,000. Ni makazi ya sheshe, swala wa nyanda za maji ambaye kwa miaka mingi alipatikana hapa kwa wingi kuliko mahali pengine popote duniani, ingawa idadi yake imeshuka sana kutokana na kupanuka kwa mashamba na mifugo. Ni hapa pia alipogunduliwa kwera wa Kilombero, ndege aliyeelezwa kisayansi mwaka 1990.

Kuhusu mvua, mgeni azingatie jambo moja. Kusini mwa Mkoa wa Morogoro kumo katika maeneo ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huyatolea utabiri wa mvua za msimu, zinazoanza Novemba na kumalizika Aprili au baadaye kidogo. Hivyo mwezi Machi unapofika, ardhi ya Kilombero huwa imekwisha kunywa maji kwa miezi kadhaa. Mvua kubwa ya siku mbili inayoonekana ya kawaida Dar es Salaam, huko inaweza kuwa mafuriko.

Namna ya kufika

Miaka ya nyuma, sababu ya kwanza ya kuikwepa Ifakara masika ilikuwa ni barabara. Kipande cha kutoka Kidatu kiligeuka tope, na mabasi yalilala njiani.

Hali hiyo imebadilika. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa karibu kilomita 67, sasa ni ya lami, ikiwa na daraja jipya juu ya Mto Ruaha Mkuu. Msafiri hupita Morogoro, hukatiza Hifadhi ya Mikumi, na katika mji wa Mikumi huiacha barabara kuu ya Iringa na kushika kushoto kuelekea Kidatu.

Mabasi ya Ifakara yanapatikana katika Kituo cha Magufuli, Mbezi, jijini Dar es Salaam, na Msamvu mjini Morogoro. Asiyependa kukaa muda mrefu ndani ya basi anaweza kupanda treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha akaunganisha kwa basi.

Reli ya Tazara, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, nayo hupita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Hata hivyo, huduma ya abiria katika reli hiyo imekuwa ikisimama mara kwa mara. Ni vyema kuuliza kituoni kabla ya kuitegemea, hasa wakati wa mvua.

Lami inaishia kwenye barabara kuu. Njia nyingi za kwenda Mlimba, Malinyi na vijiji vya pembezoni bado ni za udongo, na mwenye gari dogo asithubutu kuziingia Aprili.

Udzungwa: Mahali pa kuanzia

Kwa mgeni wa masika, kituo bora ni Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1992 na ina eneo la kilomita za mraba 1,990.

Sababu ni rahisi. Udzungwa haitembelewi kwa gari, bali kwa miguu. Mbuga zenye barabara za udongo huzama na kufungwa, lakini msitu huu wa mvua hubaki na njia zake. Aidha, maporomoko ya Sanje, ambayo kwa hatua zake zote yanashuka kiasi cha mita 170, huwa na nguvu ambayo mgeni wa Septemba haioni.

Humo wamo wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Mbega mwekundu wa Udzungwa ni mmoja wao. Mwingine ni nyani wa Sanje, ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 ilhali wenyeji walikwisha kumjua kwa jina la ng'olaga. Mwaka 2008 alitangazwa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayetafuta wadudu chini ya majani.

Kuna masharti yake. Njia huteleza, na miamba iliyo karibu na maporomoko huteleza zaidi. Vidimbwi ambavyo watu huoga kiangazi vinaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu mlimani huku chini kukiwa na jua. Mwongozaji akisema msiingie majini, au turudi, asibishiwe. Safari ndefu za kupanda milima kwa siku tatu hadi tano ni heri zisubiri kiangazi.

Ada za hifadhi kwa Watanzania hulipwa kwa shilingi na ni nafuu mno zikilinganishwa na za wageni kutoka nje. Shirika la Hifadhi za Taifa (Tanapa) halipokei fedha taslimu getini, hivyo mgeni awe na kadi au salio la kutosha katika simu. Bei za mwaka husika ziulizwe mapema.

Mji ambao wenyeji wako shambani

Anayefika Ifakara Machi au Aprili anaweza kudhani mji umepoa. Ukweli ni kwamba watu wako kazini.

Kilombero ni bonde la mpunga, na msimu wa mpunga ni msimu wa mvua. Familia nyingi huhamia mashambani kwa wiki au miezi, zikikaa katika vibanda na madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulima, kupalilia na kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe pori na viboko. Msimu wa chini wa mwenye hoteli, kwa hiyo, ndio msimu wa juu wa mkulima.

Hili lina maana mbili kwa mgeni. Kwanza, ataliona bonde likiwa katika kazi yake kubwa: kijani kisichokatika tangu miguuni mwa Udzungwa hadi upeo wa macho. Kiangazi eneo hilo hilo huwa ni mabua na moshi. Pili, asiingie mashambani kama anayeingia bustani ya kupigia picha. Aombe ruhusa, asikanyage matuta, na akimkuta mtu yuko kazini asimpotezee muda.

Kwa wale wanaokwenda wakiwaza gunia la mchele wa Kilombero, huo si wakati wake. Mchele wa mwaka uliopita huwa unakaribia kwisha na bei iko juu. Mavuno hushika kasi kuanzia Juni, na hapo ndipo bei ya shambani hupatikana. Kwa sahani moja ya wali na kambare au perege, hata hivyo, mgeni hatakosa.

Mto si wa kuchezea

Ng'ambo ya Ifakara ni wilaya za Ulanga na Malinyi. Kwa miongo mingi, aliyetaka kwenda huko alitegemea kivuko. Januari 2016, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kwa dhoruba, tukio ambalo wakazi wa pande zote mbili hawajalisahau.

Leo kuna daraja lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rais wa wakati huo, John Magufuli. Kusimama hapo Aprili na kuutazama mto uliotoka kingo zake ni jambo ambalo mgeni atalikumbuka, na halimgharimu kitu.

Kupanda mtumbwi ni suala jingine. Wandamba, ambao ni wavuvi wa asili wa bonde hili, wanaujua mto huu kwa vizazi vingi, na hata wao huupisha unapofura. Viboko na mamba huenea kufuata maji, na mkondo hubeba magogo. Asiye na mwenyeji mzoefu na jaketi okozi abaki darajani.

Aprili 2024, mafuriko yaliyakumba maeneo ya Kilombero na Rufiji na kuharibu makazi na mashamba. Mjini Ifakara kwenyewe, Mto Lumemo umewahi kuingia mitaani zaidi ya mara moja. Kabla ya kupanga nyumba ya wageni, uliza iko mtaa gani na kama maji hufika hapo. Likitolewa tangazo la tahadhari ya mvua kubwa, safari iahirishwe.

Mbu na chandarua

Ifakara ni moja ya miji iliyotoa mchango mkubwa katika vita dhidi ya malaria. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo historia yake inaanzia katika maabara ya Waswisi ya miaka ya 1950, imefanya hapa utafiti unaotumika duniani kote.

Katika kijiji cha Namawala, watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kwamba mtu mmoja alipata zaidi ya mara 300 kwa mwaka kuumwa na mbu wenye vimelea. Mradi wa vyandarua uliofuata, vikiuzwa kwa jina la Zuia Mbu, ulionyesha kwamba chandarua chenye dawa kiliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Matokeo hayo, yaliyotolewa mwaka 2001, yalisaidia kuifanya nchi iamini vyandarua.

Malaria imepungua sana tangu wakati huo, lakini haijaisha, na mvua zinapoelekea mwisho maambukizi hupanda. Mkazi wa mjini ambaye hajaugua kwa miaka mingi hana kinga aliyonayo mwenyeji. Alale ndani ya chandarua, avae mikono mirefu jioni, na akipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi apime mara moja na amweleze daktari alikotoka.

Nani aende, nani asubiri

Mwenye siku tatu, viatu vya kukamata tope, koti la mvua na moyo wa kukubali mipango ibadilike, anaweza kwenda Mang'ula na Ifakara masika na akarudi ameridhika. Atapata chumba kwa urahisi, na mara nyingi anaweza kuzungumza bei. Atapewa pia muda na mwongozaji ambaye kiangazi angekuwa na kundi la watu kumi, na malipo yake yatamfikia mwongozaji huyo katika miezi ambayo kazi ni haba.

Anayetaka kuwaona sheshe uwandani, kupanda vilele vya Udzungwa, kuzunguka Malinyi kwa gari au kununua mchele, asubiri Julai. Mwenye watoto wadogo naye afikirie mara mbili, kwa sababu ya mbu na njia zinazoteleza.

Na kwa kila anayekwenda, siku moja ya ziada iwekwe pembeni kwa ajili ya kurudi. Katika bonde hili, ratiba ya mwisho hupangwa na maji.