Ikola Sebuleni Ujerumani

Ikola ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Watanzania wengi hawajawahi kulisikia jina hilo, lakini wapo Wajerumani wanaolitaja kila siku, kwa sababu samaki mweusi mwenye mkanda mpana wa manjano anayeogelea kwenye tangi la kioo sebuleni mwao huitwa hivyo hivyo, Ikola. Mwenzao ana Moliro wa upande wa Kongo, mwingine ana Ilangi wa Zambia. Wote ni Tropheus, samaki wa mawe.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, na kwetu samaki ni dagaa, migebuka na kuhe. Hawa wa mawe nilianza kuwafuga ukubwani, na hapo ndipo nilipoona maajabu yao. Tropheus hathubutu kuvuka uwanda wa mchanga wala mdomo wa mto. Huishi kwenye mawe yake akiparua mwani, na wanawe hubaki hapo hapo. Ndiyo maana ziwa hili lenye urefu wa kilomita 670 hivi lina rangi za Tropheus zaidi ya mia, kila mwambao na yake.

Wataalamu wa Ulaya walimjua kupitia msafara wa Mwingereza J. E. S. Moore. George Boulenger wa London ndiye aliyempa jina Tropheus moorii mwaka 1898, baada ya kuwachunguza samaki waliokwisha kufa. Kuwafikisha wakiwa hai kulihitaji ndege. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyewahi kukamata samaki Kongo, alianzisha kituo chake Burundi mwaka 1971, na kutoka huko samaki wakaanza kwenda Ulaya na Marekani kwa wingi. Mmoja wao, mwenye mkia wenye ncha ndefu nyeupe, aliuzwa kwa jina la Binti Mfalme wa Burundi. Mwaka 1974 mtaalamu wa samaki Max Poll akamwita brichardi, kwa jina la Brichard. Mwaka 1978 Brichard alitoa kitabu chake cha samaki wa ziwa hili, na wafugaji wa nchi za mbali wakajifunza kwacho.

Lakini aliyeshuka majini ni nani? Hapa ndipo historia inaponyamaza, na mimi sikubali inyamaze. Mzamiaji huzungushia mawe wavu wenye matundu madogo, kisha huwafukuza samaki mmoja mmoja hadi wajinase, na huwanasua kwa vidole asiwakwangue magamba. Kwa Tropheus kazi hii si ya kina kirefu. Frontosa ndiye mwenye shida. Huyu mwenye nundu kichwani na mikanda myeusi mwilini hukaa chini sana, mita 30 na zaidi. Akivutwa juu ghafla, kibofu chake cha hewa huvimba na kumuua. Basi huwekwa kizimbani na kupandishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mwili wa binadamu nao una sheria yake: akipanda haraka kutoka kina hicho, naitrojeni hugeuka mapovu kwenye damu, na anaweza kupooza au kufa. Wapenzi wa samaki wameandika kurasa nyingi juu ya kumpandisha Frontosa salama. Juu ya kumpandisha mzamiaji wa Kigoma au Bujumbura nimesoma machache mno.

Baada ya hapo samaki hushindishwa njaa ili wasichafue maji safarini, hutiwa kwenye mifuko yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, kisha husafirishwa. Wengi waliopona safari wakaja kuuawa na upendo wa mwenye nyumba. Utumbo wa Tropheus ni mrefu, wa mla mwani. Akilishwa vyakula vya nyama huvimba tumbo na kufa. Jike naye huatamia mayai machache tu mdomoni, pengine kumi, kwa hiyo mawe yaliyokombwa hayajai tena upesi. Heri siku hizi wengi huzalishwa matangini huko huko Ulaya.

Mwaka 2007 samaki mpya wa Kigoma aliitwa Neolamprologus chitamwebwai, kwa heshima ya Deonatus Chitamwebwa, mtafiti wa uvuvi wa hapa hapa Kigoma. Nilifurahi kana kwamba heshima hiyo nimepewa mimi. Samaki ambao bado hawajapewa majina ya kitaalamu wapo wengi ziwani, na wazamiaji waliowatoa kwenye mawe wapo pia, wengine wazee sasa. Waulizwe majina yao wakingali hai.