Pikapu na priampu: Jinsi ya kulipa gita la besi uhai mpya

WASAFIRI wanaotumia barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru huijua Kikopey kwa harufu kabla ya kuiona. Moshi wa nyama choma hutanda kando ya barabara karibu na Gilgil, na wikendi zinapowadia, muziki huchanganyika na moshi huo.

Hata hivyo, anayesikiliza kwa makini hutambua kwamba mara nyingi besi inayotikisa meza katika vituo kama hivyo haitoki kwenye gita. Mtindo wa mugithi wa mtu mmoja, ambapo mwimbaji hujipigia gita huku kinanda au mashine ikimtolea mdundo na besi, umewapunguzia kazi wapigaji wengi wa gita la besi.

Besi ya kinanda ni safi, ina nguvu sawa kwa kila noti na haina mvumo. Mpigaji anayepanda jukwaani na gita la bei nafuu hulinganishwa nayo papo hapo. Sauti yake ikiwa hafifu au yenye kelele, mwenye mkahawa haoni sababu ya kumlipa mtu wa ziada.

Wengi wanaojikuta katika hali hiyo hudhani dawa ni kununua gita jipya. Lakini ikiwa mbao ni nzima na shingo haijapinda, gita lile lile laweza kubadilishwa sauti kwa kuondoa viungo viwili tu: pikapu na priampu.

Pikapu inayozungumziwa hapa si ile inayowaleta mbuzi Kikopey. Ni kifaa kilicho chini ya nyuzi, chenye sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, huzalisha umeme mdogo sana ndani ya waya huo, na umeme huo ndio unaopelekwa kwa amplifaya.

Leo Fender wa Marekani alitumia kanuni hiyo alipoanza kuuza Precision Bass mwaka wa 1951. Pikapu yake iligawanywa vipande viwili mwaka wa 1957, na mwaka wa 1960 ikafuata Jazz Bass yenye pikapu mbili ndefu. Magita mengi ya bei nafuu yanayouzwa Afrika Mashariki ni nakala za mitindo hiyo miwili, na hiyo ni bahati kwa mnunuzi, kwa sababu vipuri vya mitindo hiyo ndivyo rahisi zaidi kupatikana.

Priampu ni saketi ndogo inayokaa ndani ya gita na kuendeshwa kwa betri, kwa kawaida ya volti 9. Kazi yake ni kuupa nguvu umeme wa pikapu kabla haujatoka, na kumwezesha mpigaji kuongeza au kupunguza sauti nzito, ya kati na nyembamba akiwa amesimama jukwaani. StingRay ya kampuni ya Music Man, iliyotolewa mwaka wa 1976, ndiyo iliyoufanya utaratibu huu kuwa wa kawaida madukani. Fender mwenyewe alihusika katika uundaji wake, baada ya kuiuza kampuni yenye jina lake kwa CBS mwaka wa 1965.

Faida yake huonekana hasa katika kumbi za wazi. Waya mrefu kutoka kwa gita hadi kwa amplifaya hula sehemu nyembamba ya sauti ya pikapu ya kawaida, na besi husikika kama inayopigwa nyuma ya blanketi. Priampu huondoa udhaifu huo kwa kiasi kikubwa.

Lakini kabla ya kutoa pesa, mpigaji anapaswa kuhakikisha kwamba tatizo liko kwenye pikapu kweli. Nyuzi zilizochakaa hufisha sauti kuliko pikapu yoyote mbovu. Vifundo vinavyokwaruza vinapozungushwa huwa vimejaa vumbi, nalo vumbi halikosekani katika sehemu hizo za Bonde la Ufa. Dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme hutosha. Kimo cha pikapu nacho ni bure kurekebisha. Uzi ukiwa umebanwa kwenye freti ya mwisho, nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati yake na sumaku ni mahali pazuri pa kuanzia. Sumaku ikikaribia mno, huuvuta uzi na noti huyumba.

Mvumo ni suala jingine. Umeme wa Kenya ni wa herzi 50. Uzi wa E wa besi, ukiachwa wazi, hutoa takriban herzi 41, na ule wa A herzi 55. Mvumo wa stima, kwa hivyo, huangukia katikati ya noti za chini kabisa za gita, na hauwezi kuondolewa kwa kifundo cha sauti bila kuziondoa noti zenyewe. Ni lazima uzuiwe ndani ya gita. Shimo la vifaa likitandikwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi, kelele hupungua. Pikapu zenye koili mbili zinazofutana kelele hufanya vyema zaidi. Kwenye Jazz Bass, mvumo hutulia pikapu zote mbili zinapofunguliwa sawasawa, ikiwa ziliundwa kinyume cha nyingine.

Katika kuchagua, wapigaji wengi hukosea kwa kufuata uzito wa sauti pekee. Muziki wa benga, uliosambaa kutoka kwa Waluo hadi kwa Wakikuyu na jamii nyingine, huihitaji besi inayotembea na kujibizana na gita la solo, si inayonguruma tu. Hali ni hiyo hiyo katika rumba ya Kiswahili: besi ya Tom Malanga wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka wa 1978, hukumbukwa kwa kuwa kila noti yake husikika. Usikivu huo hutoka katika sauti ya kati. Priampu yenye kifundo cha sauti ya kati ni bora kwa mpigaji wa benga kuliko ile yenye nzito na nyembamba peke yake, hata kama ya pili imetajwa sana katika matangazo.

Seymour Duncan, DiMarzio, Bartolini na EMG ni miongoni mwa watengenezaji wa pikapu wanaojulikana, na baadhi yao huuza priampu pia. Kabla ya kuagiza, vipimo vichukuliwe kwa rula. Kwenye Jazz Bass za kawaida, pikapu iliyo karibu na kishikizi cha nyuzi ni ndefu kuliko ya upande wa shingo kwa takriban milimita 3, ilhali nakala nyingi za bei ya chini hutumia mbili zenye urefu sawa. Asiyepima huishia kuchonga mbao, na mbao iliyochongwa vibaya hairudi.

Kazi yenyewe yaweza kufanywa na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu na chuma cha kulehemu. Picha ya nyaya za zamani ipigwe kwanza. Pikapu za kawaida zenye koili moja hutumia vifundo vya kiloohmu 250, wakati za EMG zenye priampu ndani hutumia vya kiloohmu 25. Kuchanganya hivyo huharibu sauti na fundi hulaumiwa bure. Pikapu mbili zikifunguliwa pamoja na sauti nzito ikatoweka, moja imeunganishwa kinyume. Katika pikapu nyingi za nyaya mbili, kubadilishana nyaya za mojawapo hurekebisha kasoro hiyo.

Tundu la kuchomekea waya pia hubadilishwa, liwe la aina ya stereo, ili betri izimike waya unapochomolewa. Anayeacha waya umechomekwa usiku kucha hukuta betri imekufa, na inapokufa katikati ya wimbo, besi hukwaruza kisha hunyamaza. Swichi ya kuikwepa priampu, na betri ya akiba mfukoni, ni bima isiyo ghali.

Kuna jambo zito zaidi. Nyuzi za magita mengi zimeunganishwa na waya wa ardhi, ambao hupitia amplifaya hadi kwenye soketi. Soketi isipokuwa na waya wa ardhi, au amplifaya ikilishwa na jenereta na kipaza sauti na stima ya mkahawa, mpigaji anayegusa nyuzi huku midomo ikigusa kipaza sauti huwa njia ya umeme. Mpigaji gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki kwa njia hiyo jukwaani Swansea, Uingereza, Mei 3, 1972, aliposhika kipaza sauti ambacho hakikuwa na waya wa ardhi.

Pikapu za EMG hazihitaji nyuzi kuunganishwa na waya wa ardhi, na mtengenezaji huelekeza kiungo hicho kikatwe. Hatari hupungua kwa upande wa gita, ingawa soketi mbovu hubaki mbovu. Fundi akiwa na mita yake, apime volti kati ya nyuzi na kipaza sauti kabla ya onyesho. Mita ikionyesha makumi ya volti, vyombo vizimwe hadi soketi irekebishwe.

Pikapu za zamani zihifadhiwe kwenye bahasha pamoja na skrubu zake. Siku gita litakapouzwa, zitarudishwa mahali pake na mpya zitahamia kwenye gita lijalo.