Kadi ya Sigara, Jezi ya Godoro

Kofia yenye herufi N na Y zilizosokotana utaikuta karibu kwenye kila rundo la mitumba, iwe soko la kambi au la mji wa jirani. Wanaoivaa wengi watakwambia ni New York tu, basi. Kweli ni New York, ila hasa ni alama ya Yankees, timu ya beseboli, mchezo ambao hapa kwetu karibu hakuna anayeucheza. Nimekuwa nikifuatilia historia ya vitu vya mchezo huo: kadi, jezi, magongo na picha, pamoja na watu wanaovikusanya. Nyingi ni habari za matajiri, siwafichi. Lakini katikati yake kuna kambi, senyenge, foleni ya chakula, na swali linalotuhusu sisi moja kwa moja: kumbukumbu za watu walioondoka na mzigo mmoja, nani anazitunza?

Kwa asiyeujua mchezo, niseme kidogo. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwenzake wa timu pinzani anaupiga kwa gongo, halafu anakimbia kuzunguka vituo vitatu mpaka arudi pale alipoanzia. Pale panaitwa nyumbani. Akifika, timu yake imepata pointi moja. Yatosha hayo.

Sasa kadi. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, viwanda vya sigara vya Marekani vilikuwa vinatia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike. Baadaye vikaona karatasi ile ni mahali pa kutangazia biashara. Wakachapa picha za waigizaji, ndege, bendera, na wachezaji wa beseboli. Mteja akitaka kutimiza seti, anunue tena. Kati ya 1909 na 1911, American Tobacco Company ilitoa seti yenye kadi zaidi ya 500, kila moja ndogo, haifiki urefu wa sentimita 7. Baba alivuta sigara, mtoto akachukua picha.

Mchezaji mmoja mkubwa wa wakati huo, Honus Wagner wa Pittsburgh, alikataa picha yake itumike. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine husema alitaka alipwe. Vyovyote vile, kiwanda kikaacha kuichapa, na zilizokwisha kutoka zikabaki chache. Zinazojulikana leo hazifiki 100. Agosti 2021, moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.6. Kikaratasi cha pakiti ya sigara!

Kadi nyingine ni ya Mickey Mantle wa Yankees, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Mwaka ule sehemu ya mwisho ya seti ilichelewa kutoka, msimu ukaisha, maduka hayakuzitaka. Sy Berger, aliyezibuni kadi hizo, alisimulia kwamba makatoni yalijaza ghala kwa miaka, mpaka mwaka 1960 akayapakia kwenye tishari na kuyamwaga baharini. Agosti 2022, kadi moja ya Mantle ya seti ile iliuzwa kwa dola milioni 12.6.

Tuone hapo jambo moja. Kadi hizi hazikuwa ghali kwa sababu zilitengenezwa vizuri kuliko nyingine. Zimekuwa ghali kwa sababu karibu kila mtu alizitupa. Akina mama walifagia, watoto walizifunga kwenye spoku za baiskeli zipige kelele, kiwanda kilimwaga. Zilizobaki zilibaki kwa sababu mtu fulani aliziweka ndani ya sanduku, na huenda hata hakujua kwa nini.

Mmoja aliyejua kwa nini ni Jefferson Burdick, na ndiye ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1900 katika jimbo la New York, akafanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya umeme mjini Syracuse. Hakuwa na mali, hakuoa, na ugonjwa wa viungo ulikuwa unamkunja vidole mwaka hadi mwaka. Lakini alikusanya karatasi ambazo wengine waliziona takataka: kadi za sigara, za peremende, za sikukuu, postikadi. Tena hakuishia kukusanya. Alizipanga kwa makundi, akalipa kila kundi herufi na namba, akachapisha orodha. Ile seti ya 1909 watu wote leo wanaiita T206. Jina hilo halikutoka kiwandani, lilitoka kwenye orodha ya Burdick. T ni tumbaku.

Mwaka 1947 alianza kuupa mkusanyo wake makumbusho ya Metropolitan mjini New York. Jumla yake ni vitu zaidi ya 300,000, na kati yake kadi zaidi ya 30,000 ni za beseboli. Makumbusho yalikubali, lakini kazi ya kuzipanga ikawa yake mwenyewe. Basi akawa anakwenda pale, anakaa mezani, anabandika kadi kwenye vitabu kwa vidole vile vile vilivyokunjika. Alifanya hivyo kwa miaka kama 15. Tarehe 10 Januari 1963 alibandika ya mwisho, akaaga, kesho yake akaingia hospitali. Machi mwaka huo huo akafariki. Mtu wa mshahara wa kiwandani ndiye aliyeiachia Marekani mojawapo ya hazina kubwa za mchezo wake.

Lakini hata Burdick angeweza kutunza kile tu kilichochapwa. Hapo ndipo historia inapouma. Kwa zaidi ya miaka 50, mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947, ligi kuu za Marekani hazikuchukua wachezaji Weusi. Weusi walianzisha ligi zao; Rube Foster aliitisha kikao Kansas City mwezi Februari 1920, na Negro National League ikazaliwa. Walicheza mpira wa kiwango cha juu kabisa. Kadi lakini? Makampuni hayakuona sababu ya kuwachapa. Josh Gibson, ambaye wengi humhesabu kati ya wapigaji hodari waliowahi kutokea, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kufungua mlango. Mtu akitafuta kadi yake ya enzi zake za kucheza Marekani, atatafuta sana.

Kumbe kumbukumbu zilikuwepo mahali pengine. Magazeti ya Weusi wenyewe, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yalikuwa yanaandika matokeo: nani alipiga, nani alirusha, mechi ilichezwa wapi. Watafiti walikaa miaka mingi wakisoma magazeti hayo ukurasa kwa ukurasa, wakijumlisha. Desemba 2020 ligi kuu ikakubali kwamba ligi saba za Weusi, za kati ya 1920 na 1948, zilikuwa ligi kuu nazo. Mei 2024 takwimu zikaingizwa kwenye vitabu rasmi, na Gibson akawa wa kwanza katika historia yote kwa wastani wa kupiga: .372. Miaka 77 baada ya kifo chake! Kilichomrudishia haki yake ni gazeti la jamii yake, lililoandika matokeo ya Jumapili bila kujua litasomwa na nani.

Tuje kambini sasa. Japani iliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, Marekani iliwageukia watu wenye asili ya Kijapani waliokuwa wakiishi ndani yake. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alisaini amri, na watu kama 120,000 wakatolewa majumbani kwao upande wa pwani ya magharibi. Theluthi mbili walikuwa raia, wamezaliwa Marekani. Waliruhusiwa kubeba kile tu walichoweza kukishika mikononi. Maduka, mashamba, picha za ukutani, vyote wakaacha, au wakauza kwa bei ya kutupa. Wakapelekwa kwenye kambi 10, nyingi jangwani.

Sitasema kambi zile na zetu ni kitu kimoja. Sisi tulikimbia vita tukavuka mpaka. Wao walifungwa na nchi yao wenyewe, mlinzi amesimama na bunduki. Ila mtu aliyewahi kupanga mstari na sahani, akalala chumba kimoja na familia nzima, akasikia jirani anakohoa nyuma ya ukuta, ataelewa mengi bila kuelezwa.

Kati ya waliopelekwa Gila River, Arizona, alikuwamo Kenichi Zenimura. Alizaliwa Hiroshima mwaka 1900, akakulia Hawaii, akahamia Fresno, California. Alikuwa mtu mfupi sana, lakini mchezaji na kocha mwenye jina. Mwaka 1927 alicheza mechi ya maonyesho Fresno pamoja na Babe Ruth na Lou Gehrig, na kuna picha yao wamesimama pamoja. Alipofika kambini akakuta vumbi na vichaka. Akaanza kung'oa vichaka yeye na wanawe wawili, Kenso na Kenshi, na watu wengine wakajiunga. Mbao zilihitajika, usiku wakachukua nguzo za ua wa kambi. Maji wakayavuta kutoka kwenye bomba la sehemu ya kufulia. Mistari ya uwanja wakachora kwa unga. Katika kambi hizo zilikuwepo jezi zilizoshonwa kwa kitambaa cha magodoro.

Uwanja ulifunguliwa Machi 1943. Timu zikafika 32, watazamaji wakaja kwa maelfu. Tarehe 18 Aprili 1945 timu ya shule ya kambini ilicheza na shule ya Tucson, mabingwa wa jimbo, waliokubali kuja mpaka ndani ya kambi. Kambi ikashinda 11 kwa 10 baada ya muda wa nyongeza. Marudiano mjini Tucson hayakufanyika.

Je, tumejuaje yote haya? Maana kambi zilipofungwa, majengo yalibomolewa na mbao zikauzwa. Tumejua kwa sababu watoto wa Zenimura waliishi wakasimulia. Tumejua kwa sababu kambi zilikuwa na magazeti yao. Manzanar, kambi nyingine, mpiga picha Ansel Adams alipiga mechi ya beseboli mwaka 1943, na picha zake za kambi hiyo akazitoa kwa Library of Congress. Mfungwa mmoja wa Manzanar, Toyo Miyatake, aliingiza lenzi kwa siri wakati kamera zimekatazwa, akatengeneza kamera kwa mbao. Picha hizo, barua na jezi za kambi ndizo makumbusho yanazitafuta leo. Mwaka 2024 uwanja wa Manzanar ulitengenezwa upya na watu wakacheza tena.

Mimi nimekua nikisikia kwamba baba yangu alikuwa kipa wa timu ya mtaa kule Uvira, miaka ya 1980. Mama anasema alikuwa na jezi ya kijani na kwamba alidaka penalti mbili siku moja. Picha ilikuwepo ukutani. Tulipokimbia tulibeba unga, sufuria na mtoto mdogo, na hilo silijutii. Leo nina maneno ya mama tu, na mama amezeeka.

Wakusanyaji wana somo moja gumu ambalo lingetufaa: kitu bila habari zake ni nguo kuukuu tu. Jezi ambayo Babe Ruth aliivaa kwenye fainali ya 1932 iliuzwa mwaka 2005 kwa dola 940,000. Baadaye wataalamu wakailinganisha na picha za siku ile, namna herufi zilivyoshonwa, mkao wa mistari, wakathibitisha ndiyo yenyewe. Agosti 2024 ikauzwa kwa dola milioni 24.12. Kitambaa ni kile kile. Kilichoongezeka ni ushahidi. Na pasipo ushahidi waongo huingia. Bill Mastro, mwuza minada mkubwa wa vitu hivi, alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba aliipunguza kingo kadi maarufu ya Wagner ili ionekane mpya.

Kambini hatukosi vitu. Kuna jezi za ligi ya vijana, ratiba za mashindano zilizoandikwa kwa kalamu, kadi za mgao zilizokwisha muda, mabango ya tamasha, madaftari ya vikundi vya kuweka akiba. Kuna simu zenye picha elfu ambazo zitakufa pamoja na simu. Ndugu zetu wa mashirika nao wana makabati. Mradi ukiisha, karatasi huenda kuchomwa. Kabla ya kuchoma, waulizeni viongozi wa timu na wa vikundi kama kuna wanachotaka kubaki nacho.

Na sisi wenyewe tufanye alivyofanya Burdick, kwa kiasi chetu. Chapisha picha moja ya timu yako, moja tu. Geuza nyuma. Andika majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, tarehe, uwanja, mlicheza na nani, ilikuwa ngapi kwa ngapi. Andika jina la aliyepiga picha. Andika na jina la aliyefua jezi. Halafu ifunge kwenye nailoni, iwekwe na yule ambaye hasahau vitu. Kila familia ina mmoja. Matokeo ya mechi leteni pia kwenye jarida hili. Tutayachapa hata kama ni sare ya bila kufungana.