Mkanda wa taimingi

Kwenye dashibodi za Hilux na Hiace nyingi za dizeli kuna taa ndogo iliyoandikwa T-BELT. Hiyo T ni ya neno analolitamka kila fundi kuanzia Gerezani ya Dar es Salaam hadi Grogan ya Nairobi: taimingi. Mwenye gari anayetaka kubadilisha mkanda huo mwenyewe, uani kwake, alielewe neno hilo kabla hajashika spana. Boliti hazimshindi mtu mwenye subira na vifaa. Injini huharibika pale mtu anapofunga mkanda mpya bila kujua unalinda nini.

Anayetafsiri kwa haraka ataandika "mkanda wa muda", na hapo atakuwa amepotosha. Kibali cha muda ni kibali kitakachokwisha. Daraja la muda ni lile linalosubiri daraja la kudumu. Msomaji akikuta "mkanda wa muda" kwenye mwongozo wa gari ana haki ya kudhani ni mkanda wa kujishikiza hadi ule wenyewe upatikane. "Mkanda wa saa" nao watu wanaujua, unavaliwa mkononi. "Mkanda wa majira" una sauti nzuri zaidi, ila majira humpeleka msikilizaji kwenye masika na kipupwe. "Mkanda wa meno" unataja umbo tu, na mikanda yenye meno iko kwenye mashine chungu nzima zisizo na vali hata moja.

Tafsiri zote zinazoanzia kwenye wakati zina kasoro ileile. Mkanda huu haupimi wakati. Unachotunza ni mahali: krenkishafti ikiwa hapa, kemshafti iwe pale, na pasiwe na jino moja la tofauti.

Injini ya kawaida ya gari humaliza kazi yake kwa hatua nne, yaani kuvuta hewa, kuikandamiza, kuwaka na kutoa moshi. Katika hatua hizo krenkishafti, inayosukumwa na pistoni, huzunguka mara mbili. Kemshafti, inayofungua na kufunga vali, huzunguka mara moja. Ndiyo maana, pale mkanda unapotoka moja kwa moja kwenye krenkishafti, puli ya juu huwa na meno maradufu ya ile ya chini. Kwenye dizeli za zamani kuna mshirika wa tatu, pampu ya dizeli, na yeye pia hupewa mzunguko mmoja kwa kila miwili ya krenkishafti. Gari la petroli lina plagi ya kutoa cheche. Dizeli haina. Hewa yake hukandamizwa hadi sehemu moja ya ishirini na mbili hivi ya ujazo wake wa awali kwenye injini kama 1HZ ya Land Cruiser, inapata joto kali, na mafuta yakirushwa ndani yanajiwakia. Kinachoamua moto uwake lini ni pampu, na kwenye dizeli ambazo mkanda ndio unaoizungusha, pampu inafuata mkanda.

Mkandamizo huo ndio unaofanya kosa la mkanda liwe ghali sana kwenye dizeli. Pistoni ikifika juu, nafasi inayobaki kati yake na hedi ni nyembamba mno, na vali iliyo wazi haina pa kukaa. Ni kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na wanaendelea hivyo bila kugongana mradi kila mmoja ashike zamu yake. Mkanda ukikatika, kemshafti inasimama na vali kadhaa zikiwa wazi, huku krenkishafti bado inazunguka kwa nguvu ya mwendo. Pistoni inazigonga. Vali zinapinda, pengine na vipande vingine vya hedi vinavunjika, na kazi iliyokuwa ya mkanda na rola inayoukaza inakuwa ya kufungua hedi.

Mkanda wa mpira si wa zamani sana kwenye magari. Kampuni ya Glas ya Ujerumani ndiyo iliyouingiza kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, Glas 1004, mwaka 1962. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya cheni na gia. Hata leo injini hazifanani. Kwenye Toyota za 2L, 3L na 5L, mkanda mmoja mrefu unapita krenkishafti, pampu na kemshafti. Kwenye 1HZ, gia ndizo zinazozungusha pampu, na mkanda mfupi unapanda kutoka hapo hadi kemshafti. Kabla ya kununua spea, ujue injini yako ni ipi.

Mimi naunga mkono jina la gereji, mkanda wa taimingi. Sababu yangu ni kwamba neno taimingi limeshazaa kwa Kiswahili. Fundi anaweka taimingi, anashika taimingi, anasema taimingi imeruka, taimingi imepotea. Mtaani mtu hupigiwa taimingi, yaani huviziwa hadi ifike nafasi yake. Neno lenye vitenzi vyake na lenye maana inayoeleweka nje ya gereji halihitaji mbadala uliotungwa mezani. Linachohitaji ni fasili, na yangu ni hii: mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha krenkishafti na kemshafti, na katika baadhi ya dizeli pampu ya mafuta, ili vilandane katika kuzunguka. Kulandana ndilo neno la Kiswahili ninalotaka libaki kichwani mwa anayeifanya kazi hii.

Sasa kazi yenyewe. Chomoa waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, toa feni na mikanda ya nje, fungua kava. Kutoa hita plagi kunapunguza mkandamizo, na injini inazungushika kwa mkono bila kupigana nayo. Izungushe kwa boliti ya krenkishafti, kwa upande inakozungukia siku zote, hadi alama za puli zote ziwe mkabala na alama za kwenye injini. Kabla ya kulegeza chochote, weka doa la rangi nyeupe kwenye kila puli na mahali inapotazamana napo. Mkanda ukitoka, springi za vali zinaweza kuirusha kemshafti kidogo. Doa lako litakuonyesha pa kuirudisha.

Uangalie mkanda wa zamani ukiwa umeukunja kinyumenyume kwenye mwanga. Nyufa ndogo kwenye mashina ya meno na mgongo unaong'aa ni dalili za uchovu. Ukiwa umelowa oili, mkanda mpya usifungwe kwanza. Tafuta sili inayovuja, maana oili huula mpira.

Ukishavalisha mpya na rola ikaukaza, zungusha krenkishafti mizunguko miwili kamili kwa mkono, polepole, kisha tazama alama upya. Ukihisi kitu kimegota, simama hapohapo, usilazimishe. Puli ya kemshafti yenye meno 40 ikikosea jino moja imekosea digrii 9, sawa na digrii 18 za krenkishafti. Kosa la jino moja kwenye pampu nalo hujionyesha kwa gari kuwaka kwa shida, kutoa moshi au kugonga. Mistari iliyochorwa kwenye mkanda wenyewe haitarudi mahali pake baada ya mizunguko hiyo, na isikutishe. Zinazohesabika ni alama za puli. Zikikubaliana zote, ndipo starta iguswe.

Ile taa ya T-BELT huwaka kwa hesabu ya kilomita, kwa kawaida kila 100,000, haiuoni mkanda. Kwa gari lililonunuliwa likiwa limeshatumika, na mkanda wake haujulikani ulifungwa lini, taa iliyozimika si ushahidi. Irudishe kwenye sifuri siku ya kazi, na uandike kilomita na tarehe juu ya kava kwa wino usiofutika, ili atakayelifungua baada yako asibahatishe.