Kutoka Hongo ya Misafara Hadi Ushuru wa Sokoni

Leo tuanze na neno moja tu: hongo. Siku hizi mtu akitajwa kwa hongo anakana, na akikamatwa nayo anafikishwa mahakamani. Lakini katika karne ya 19 neno hilo halikuwa na aibu hata kidogo. Hongo ilikuwa ada ya njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipofika Ugogo ililazimika kusimama na kutoa vitambaa, shanga na waya kwa mtemi wa mahali, kabla ya kuruhusiwa kupita na kuchota maji. Richard Burton alipita njia hiyo mwaka 1857, Henry Morton Stanley akapita mwaka 1871, na wote wawili waliinung'unikia hongo ya Ugogo katika vitabu vyao. Hawakutaka kuona kwamba ile ni nchi kavu, na kwamba kisima chenye maji kilikuwa mali ya watu waliokichimba na kukilinda.

Hongo ile ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, ilidaiwa mchana kweupe, watu wakisikia. Pili, ilijadiliwa, wakuu wa misafara walibishana na wajumbe wa mtemi hata siku kadhaa mpaka wakapatana. Tatu, aliyetoa alijua anapata nini: maji, chakula na njia. Leo neno lile lile lina maana ya fedha inayopita chini ya meza. Sikusudii kutoa somo la lugha. Nataka tutazame safari ya kodi na ushuru wa serikali za mitaa katika nchi yetu, maana kila mkaazi wa mji mdogo anayetozwa sokoni, stendi, machinjioni na dukani kwake ni abiria katika safari hiyo.

Mwezi Novemba mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitangaza kodi ya kibanda. Huko mashambani kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka, na asiye na rupia alilipa kwa mazao au kwa jasho lake. Kodi hii haikuwa na kisima nyuma yake. Shabaha yake mojawapo ilikuwa kumtoa mtu katika konde lake, akaitafute fedha kwa kuwafanyia kazi walowezi na serikali. Wakusanyaji walikuwa maakida na majumbe, ambao waliwajibika kwa bwana mkubwa wa bomani, si kwa wanakijiji. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 vilikuwa na sababu nyingi, kilimo cha pamba cha kulazimishwa kikiwa mbele, lakini kodi nayo ilikuwamo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walibadilisha bendera, wakaibakiza kodi. Sheria yao ya mwaka 1922 iliendeleza kodi ya kibanda na kuongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiyekuwa na kibanda. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron akasimika utawala wa kupitia machifu, na kukawa na hazina za wenyeji zilizobakiza sehemu ya kodi papo hapo, kwa ajili ya mishahara ya machifu na makarani na kazi nyingine za mahali. Hiyo ilikuwa hatua, hatukatai. Hata hivyo mlipaji hakuwa na kura juu ya chifu wala juu ya kiwango.

Uhuru ulipokaribia mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi wetu mashuhuri, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yakafutwa kisheria, na halmashauri za madiwani zikabebeshwa shule za msingi, zahanati na barabara. Kwa bahati mbaya mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mfuko. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1960 halmashauri zikanyang'anywa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao, vyanzo ambavyo ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wao. Mtu akikuagiza kupika, kisha akakunyima kuni, asishangae chakula kikikosekana.

Mwaka 1972, kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, serikali ikaleta mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu. Lakini madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu, na halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zikavunjwa. Za miji zikafuata. Miji ikabaki na taka zake na mitaro iliyoziba. Kipindupindu kilipolipuka nchini mwaka 1977, mwenye macho aliona kwamba usafi wa mji hauwezi kuendeshwa kwa barua kutoka mkoani. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria kubwa za serikali za mitaa, namba 7 ya wilaya, namba 8 ya miji na namba 9 ya fedha, na mwaka 1984 halmashauri zikarudi rasmi nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani, mwaka huo huo wa 1984, kwamba kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa. Ni viongozi wachache duniani wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani.

Pamoja na halmashauri ikarudi kodi ya kichwa, safari hii kwa jina la kodi ya maendeleo. Hii naikumbuka kwa macho yangu. Katika mji mdogo nilikokulia, siku ya gulio mgambo walifunga kamba barabarani tangu alfajiri. Asiye na stakabadhi aliwekwa chini ya mti mpaka ndugu zake walete fedha. Niliwaona watu wazima, wenye wake na wajukuu, wakikatiza kwenye mashamba ya mahindi wakiwakimbia vijana wenye umri wa watoto wao. Jengo la zahanati halikuwa mbali na mti ule, na akina mama walitoka hapo na karatasi ya kwenda kununua dawa mahali pengine. Anayetaka kujua kwa nini watu waliichukia kodi ile asitafute sababu mbali: hapakuwa na kisima.

Mwaka 1998 wananchi wa Wilaya ya Arumeru waliipinga kodi hiyo waziwazi, wala hawakukimbilia mahindini. Mwaka 2003 serikali ikaifuta nchi nzima, pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo uliokuwa kero. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Wala mimi sisemi irudi. Nasema tu kwamba furaha ile ilikuwa na gharama isiyoonekana. Halmashauri ziliahidiwa ruzuku ya kuziba pengo, na anayelishwa kwa ruzuku humsikiliza mtoa ruzuku. Diwani akageuza shingo kumtazama mkubwa wa juu, badala ya kumtazama mlipaji aliyeko chini.

Tangu hapo mkondo umekuwa huo huo. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwezi Desemba 2018 Rais John Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, ili mama lishe na machinga wasisumbuliwe na tozo za kila siku. Walipumua kweli, lakini chanzo kilikuwa cha halmashauri na uamuzi ulikuwa wa Ikulu. Mwaka 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, kwa kuanzia Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji aliyenunua umeme akajikuta amelipia nyumba ya mwenziwe, na kazi ya kudai arudishiwe ikawa yake. Zamani tangazo la kodi lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi, mtu akaweza kusimama akauliza. Hiki kilikuwa kijistari katika ujumbe wa simu. Simu haijibu swali.

Sasa tuje kwa mkaazi wa mji mdogo hasa. Sheria namba 7 ya mwaka 1982 inatambua mamlaka ya mji mdogo, lakini mamlaka hiyo iko chini ya halmashauri ya wilaya. Ushuru wa soko unakusanywa mjini, unakwenda makao makuu ya wilaya, na kurudi kwake ni majaliwa. Ndiyo maana utakuta soko linaloingiza fedha kila siku halina choo, na wenye vibanda wanaambiwa wasubiri bajeti.

Lakini sheria hiyo hiyo imempa mwananchi silaha asizozitumia. Halmashauri ya wilaya haiwezi kutunga sheria ndogo, hata ya ushuru, bila kwanza kuwatangazia wakaazi makusudio yake na kuwaita wenye pingamizi walitoe. Yale makaratasi yanayofifia ubaoni, ambayo wengi tunayapita tukidhani ni ya watumishi, mengine ndiyo mwito wenyewe. Ukiyapita leo, kesho utaletewa kiwango kilichokwisha kuamuliwa, na utakuwa umechelewa kulalamika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Tangazo lisome, tena lisome kwa sauti kwa jirani asiyeona vizuri. Mkutano ukiitishwa nenda, hata kama jua ni kali. Ukilipa, dai stakabadhi. Fedha iliyotolewa bila stakabadhi ni hongo kwa maana ya leo, hata kama aliyeipokea amevaa kitambulisho. Na ukishaipata stakabadhi usiishie hapo. Muulize diwani wako kisima kiko wapi, akujibu mbele ya watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mji ni la wenye mji, na wenye mji ni wale wanaolipa.